Ndege Inayoenda Yenyewe

Mchezo wenyewe ni upuuzi mtupu, na nitaueleza upesi ili mtu asije akadhani nina jambo kubwa. Kuna ndege ndogo nyeupe chini ya kioo cha simu. Inaenda yenyewe. Huwezi kuisimamisha, huwezi kuipunguza mwendo, hata kuipeleka kushoto au kulia huwezi. Inayumba huku na huku kwa mpango wake, na kutoka juu yanashuka mawe na ndege nyingine nyekundu. Kazi yako ni moja tu, kubonyeza kwa kidole gumba ili risasi itoke. Ukibonyeza wakati mzuri, jiwe linapasuka na namba zinapanda. Ukichelewa, ndege yako inapasuka, inatoa mlio wa kuudhi, halafu inaanza tena bila kukuuliza. Basi. Hicho ndicho kilichoitawala nyumba yetu ya Kashikishi mwaka huu, tangu ziwa lilipofungwa mpaka lilipofunguliwa.

Ziwa letu hufungwa kila mwaka samaki wapate kuzaa. Miezi hiyo boti zinavutwa mchangani, nyavu zinashonwa, wanaume wanakaa na kuwa wakali kwa wake zao bila sababu. Mimi huuza dagaa wakavu sokoni, na miezi hiyo nauza nilichoficha, na nikiishiwa nauza mihogo kwa uso wa mtu aliyeonewa.

Baba yangu ni mtu wa injini. Alivuka kutoka upande wa Kongo wakati wa vita, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Yeye na mama walikaa kwanza kwenye makambi ya wakimbizi, akalima mihogo kwa chuki, kisha akakimbilia majini mara alipopata nafasi. Kwa miaka yote ninayoikumbuka amekuwa akipeleka watu kati ya Kashikishi na kisiwa cha Chisenga: wavuvi wanaokwenda kambini, magunia yao ya unga, na wanawake wanaokwenda kununua samaki. Boti lake ni la mbao, refu, limepakwa lami mara nyingi hadi mbao hazionekani. Lakini boti hulala mchangani kama boti za watu wengine. Injini hailali huko. Jioni hufunguliwa, hubebwa begani, huletwa nyumbani, na kwetu husimama sebuleni kwenye fremu yake, imefunikwa kitenge cha mama. Nimekua nikijua kwamba katika nyumba yetu kuna watu na kuna injini, na kelele za watoto zisiikaribie injini.

Akina mama wanaonunua samaki hawaulizi boti linaitwaje. Wanauliza mkono. "Leo tunapanda mukono ya nani?" Utawasikia wakisema hivyo bandarini asubuhi, beseni kichwani, na maana yake ni nani ameshika mpini wa injini. Mkono wa baba ulikuwa na watu wake, wanawake wazito wa mwili na wa maneno, ambao hawangepanda mkono mwingine hata mvua ikiwanyeshea. Na asubuhi ile ya kwanza ziwa linapofunguliwa ndipo mikono huchaguliwa. Utakaoupanda siku hiyo ndio wako mwaka mzima. Dereva asipoonekana siku hiyo, watu wake wamekwenda, na hakuna wa kumlaumu.

Mkono wenyewe ni wa kushoto. Mtu asiyejua injini atashangaa. Dereva hukaa nyuma, upande wa kulia wa boti, na mpini anaushika kwa kushoto. Wa kulia ni wa kuvuta kamba ya kuwashia, kuchota maji yanayoingia, na kumdaka mtu anayeteleza. Mkono ule ambao watu hawaupendi hata katika kusalimiana, ndio uliotulisha.

Kiharusi kilimshika wiki ileile ziwa lilipofungwa. Alikuwa anakunywa chai. Kikombe kikaanguka, akakitazama chini kwa hasira na kuuliza, "Nani ameiangusha?" Mimi nilikuwa namenya viazi vitamu. Nikacheka, nikamjibu kwa kumchokoza, "Si weye mwenyewe, papa?" Kisha nikainua macho nikauona mdomo wake umeshuka upande mmoja.

Hospitali walifanya walichoweza. Maneno yalirudi haraka, namshukuru Mungu kwa hilo ingawa wakati mwingine alikuwa akitukana. Mguu ulirudi polepole, wa kuburuza. Mkono wa kushoto ulikataa. Ulilala pajani kwake siku nzima, na kidole gumba peke yake ndicho kilichokuwa kikitikisika kidogo ukimwomba sana. Dada wa mazoezi pale hospitali alisema kwamba hicho kidole ndicho mlango, tukifanyie kazi, apewe kitu cha kubonyeza, kitambaa, mpira, chochote.

Mama alikuwa na hali mbaya kuliko mgonjwa. Ni mwanamke wa maneno mengi, mtu wa kugombana na muuza mkaa kwa furaha. Sasa akanyamaza. Asubuhi alikuwa akichemsha maji na kumkanda baba mkono, kidole kwa kidole, na baada ya hapo ni kama siku yake imekwisha. Alipika akatupakulia. Yeye alimega tonge moja la bukari, ugali wetu, akalizungusha mkononi, akalirudisha. Nguo zilianza kumning'inia. Nilimkemea. Ndiyo, mama yangu mzazi nilimkemea, kwa sababu nikiogopa huwa nagomba, na nilikuwa naogopa sana. Hakujibu, na kutojibu kwake kuliniogopesha zaidi.

Baba alikataa kitambaa. Akakataa na mpira, akasema si mtoto. Hapo ndipo nikaenda kwa fundi wa simu pale sokoni, nikamwambia anitafutie mchezo wa kubonyeza, ule rahisi kuliko yote. Akaniwekea hiyo ndege.

Siku ya kwanza nilimwekea simu kwenye mkono wake wa kushoto, nikaifunga kwa kitambaa ili isianguke, nikamwonyesha. Akaitazama ndege ikienda.

"Nani anaendesha hii?"

"Hakuna mutu, papa. Inaenda yenyewe."

"Hakuna mutu nyuma?"

"Hakuna."

"Bwato yenye haina mutu nyuma ni bwato ya bantu benye bamekufa," akasema. "Kamata simu yako."

Lakini hakuniacha niichukue. Jiwe lilikuwa linashuka, na nilimwona akiinama upande wa kulia, mwili mzima, jinsi anavyoinama akikwepa mchanga uliojificha chini ya maji. Ndege haikumsikia. Ikapasuka. "Ulikuwa na nafasi hapa!" akaifokea. "Hapa! Mutu mwenye macho angepita hapa!" Nikamwambia abonyeze tu. Akasema kubonyeza si kuendesha. Nikamwambia najua, papa, lakini bonyeza. Tukagombana hivyo mpaka jua likashuka, na kidole kilibonyeza, nilikiona kwa macho yangu, kidogo, kwa kuchelewa, mara moja kwa kila mawe mengi. Nilitoka nje nikalia kwa furaha nyuma ya jiko.

Siku hizo za mwanzo zilikuwa mbaya kuziangalia. Ndege inayumba, jiwe linashuka, unaona wazi kabisa kwamba sasa ndio wakati, na kidole hakiendi. Unamwona anakiamuru. Mishipa ya shingo inamsimama. Nami niko pembeni, vidole vyangu kumi vizima, na siruhusiwi kugusa kwa sababu si mimi ninayeumwa. Niliwahi kubonyeza kwa kisirisiri kwa kidole changu. Akanitazama kwa dharau ambayo sitaisahau. Sikurudia.

Halafu namba zikaanza kupanda.

Sijui niseme ilikuwa lini hasa. Mvua zilikuwa zimechanganya, na barabara ya kwenda Nchelenge ilikuwa tope tupu. Nilirudi kutoka sokoni nikamkuta mama ameketi karibu na baba, jambo ambalo hakuwa akilifanya mchana, na anacheka. Macho yake hayaoni maandishi madogo, akaniita kabla sijatua beseni. "Kuya usome! Usome hapa, iko ngapi?" Nikasoma. Ilikuwa elfu na kitu, wakati kabla ya hapo hatukuwahi kupita mia. Mama akapiga makofi. "Mukono inarudia," akasema. "Mi nilisema, mukono inarudia." Jioni ile alikula. Alimega tonge, akalichovya, akalimeza, akamega lingine, na mimi na baba tukajifanya hatumtazami.

Tangu hapo ilikuwa kila siku. Nikirudi sokoni nasoma namba, mama anapiga makofi. Na mama akiwa na habari huwezi kumziba mdomo. Akaipeleka sokoni. Pale kwetu mkono unapimwa kwa kile unacholeta nchi kavu, hatuna kipimo kingine, na sasa mkono wa baba ulikuwa unaleta namba. Wanawake wake wa siku zote wakaanza kuniuliza nikipanga dagaa wangu, kwa uzito uleule wa kuuliza boti zimeleta nini. "Ba tata bameangusha ngapi leo?" Ba tata ndiye baba. Nataja. Wanatikisa kichwa, wanaambiana. Mmoja, mnene kuliko wote, aliyezoea kukaa katikati ya boti ili lisiyumbe, akaniambia mbele ya watu kwamba yeye ziwa likifunguliwa hapandi mkono mwingine. Wengine wakaitikia. Nilijisikia mrefu. Nilitembea kurudi nyumbani kama mtu aliyepata cheo.

Baba mdogo alikuja siku chache kabla ya ufunguzi. Huyu ni mdogo wake baba wa tumbo moja, mtu mwema, mwenye haraka. Majini haraka yake si nzuri. Alikaa, akakohoa, akaitazama injini chini ya kitenge chake. Akasema kwa adabu kwamba, bon, mwaka hausubiri mtu, na kama yaya, yaani kaka yake, ataona vyema, yeye yuko tayari kushika kwa muda.

Mama ndiye aliyejibu. Aliivuta simu kutoka mkononi mwa baba, akamsukumia shemeji yake usoni. "Angalia! Soma! Mutu mwenye mukono yake imekufa anafanya hivi?" Baba mdogo akasoma. Hana habari na michezo ya simu, na namba ilikuwa kubwa. Akamtazama kaka yake kwa heshima. "Basi, yaya," akasema. "Tutapanda mukono yako." Nikamwona baba anafungua mdomo. Akaufunga. Nilidhani ni furaha imemkaba.

Siku iliyofuata mama alikuwa anamwogesha baba nyuma ya nyumba, nami nikaingia sebuleni kuchukua simu niipeleke kwa jirani mwenye sola, ikachajiwe. Ilikuwa imelala kitini, kioo kinawaka. Ndege ilikuwa inakwenda. Risasi zilikuwa zinatoka.

Nilisimama. Nilidhani mfuniko wa simu umebana kioo. Nikauvua. Risasi ziliendelea, tap tap tap, jiwe linapasuka, namba zinapanda. Nikaweka kidole, nikakiondoa. Hakuna kilichobadilika. Nikaweka simu chini, nikarudi nyuma hatua kadhaa, ukutani, na kutoka kule niliitazama ikiua mawe peke yake katika nyumba isiyo na mtu. Nikakaa juu ya gunia la mihogo.

Nilikwenda mbio kwa fundi wa simu. Alikuwa anakula muwa, hakuona kuna nini. Akaniambia ukicheza kwa muda fulani, hata vibaya, mchezo unakuhurumia, unakupa bunduki inayojipigia. Hata ukilala inaua. Akacheka. Nilitaka kumpiga na huo muwa wake.

Njiani kurudi niliwaza vitu viwili tu. Cha kwanza, kwamba baba hajui, na nitamvunja moyo. Cha pili, wale wanawake. Niliwaona wameketi ndani ya boti, mabeseni mapajani, yule mnene katikati, boti limeshiba mpaka maji yanakaribia ukingo, na nyuma yao mkono ule. Kesho kutwa. Na wote watakuwa wamepanda kwa sababu mimi nilisimama sokoni nikawatajia namba.

Mama alikuwa ameshakwenda kununua mkaa. Baba alikuwa uani kwenye kiti chake, amenyooshwa mguu. Nilimwekea simu mbele ya uso.

"Papa. Hii kintu inapiga yenyewe."

"Ee," akasema.

"Unajua?"

"Mi njo naichezaka, si weye. Namna gani nikose kujua?"

Nilikuwa nimejitayarisha kumpoza. Sikuwa nimejitayarisha kwa hilo. Hasira ikanipanda mpaka masikioni. "Tangu lini?"

"Tangu ile siku mama yako alikula bukari."

Kisha akaniita mama, kama anavyoniita tangu utotoni akitaka nisikilize. "Mama, ile siku kidole ilikuwa imechoka. Haikuwa inabonyeza hata kidogo. Nikaiacha ipumzike. Bunduki ikaendelea. Nikasema, bon, nimuite mutoto atengeneze. Mama yako akakuya mbele weye ufike, akaona ile mambo inapasuka, akacheka. Akakaa chini. Ulikuwa umesikia kucheka yake tangu nigonjwe? Mi nilikuwa sijasikia. Alors, weye ungesema nini?"

Nikamwuliza kuhusu injini. Nikamwuliza kuhusu wale akina mama, kwa sauti ya juu mno, mpaka kuku wakatawanyika.

"Unazani mi ni mupumbavu?" akasema. "Kushika motere na hii mukono ni kuua bantu. Sitaishika."

"Sasa asubui ile ungefanya nini? Banakuya kukubeba, papa! Baba mudogo anaitikia, bamama banaitikia. Ungesema nini?"

Hapo akautazama mkono wake. Aliutazama muda mrefu, na uso wake haukuwa na hasira tena, ambayo ndiyo niliyoizoea na ndiyo ningeiweza.

"Nilikuwa nangojea," akasema. "Nilizani pengine itarudia mbele ya ziwa kufunguka. Kila asubui naiambia, simama. Haisimame. Najaribu mara ingine. Nasema, fanya tu kidogo, yenye itabakia mi nitafanya. Haifanye." Akapumua. "Bunduki inapiga, ndege inaenda, mi naangalia tu. Siku yote mi naangalia tu."

Nilipiga magoti nikaushika ule mkono. Ulikuwa na joto la kawaida, mkono mzima kabisa ukiushika, wenye ugumu wa mpini kwenye kiganja. Nilimwambia tutakwenda tena hospitali. Nikamwambia mazoezi yapo mengine. Nilisema mambo mengi ambayo sikuyaamini, na aliniacha niyamalize.

"Enda uite baba yako mudogo," akasema. "Akuje kubeba motere leo, mama yako akiwa hajarudi. Mi siwezi kumuambia nikiwa namuangalia macho."

Nikaenda. Baba mdogo alikuja bila kuuliza maswali mengi; nadhani alisoma usoni mwangu. Akakiondoa kitenge, akakikunja vizuri akakiweka juu ya kiti, akaiinua injini begani. Mlangoni akageuka amtazame kaka yake, akataka kusema neno, na baba akamwashiria kwa mkono wa kulia aende tu. Aliondoka ameinama kwa uzito. Sakafuni ilibaki fremu, na chini yake doa jeusi la mafuta ambalo lilikuwa pale tangu ninakumbuka.

Mama alirudi na gunia dogo la mkaa. Aliingia sebuleni, akasimama. Mimi nilikuwa nimekwisha kutunga uongo, kwamba injini imepelekwa kusafishwa, na mdomo wangu ulikuwa wazi tayari. Baba alikuwa amefumba macho kitini. Mama alitua gunia. Akaiburuta fremu mpaka ukutani, akaenda nje, akarudi na ufagio, akafagia pale ilipokuwa. Alifagia muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

"Munazani mi ni mutoto?" akasema bila kututazama.

Akainama kulifikia doa la mafuta.

"Hii kidole njo mi nakandaka kila asubui na mayi ya moto. Mi njo naijua. Mi naijua kupita mwenyewe. Haikupasua hata jiwe moja."

Baba akafumbua macho. "Na ulikuwa unacheka."

"Ile siku ulikuwa unaniangalia vile mutu anaangaliaka mulango akitaka kutoka. Nikasema, nisipokula, huyu atakufa mbele yangu." Akaendelea kufagia. "Na nikikula, unakula."

Nilitoka nje. Nilikuwa na hasira kali na sikujua nimkasirikie nani. Wawili wale walikuwa wamekaa majuma yote wakidanganyana kwa ajili ya kula ugali, na mtu pekee aliyeamini ni mimi, mimi mwenye macho mazima, niliyetangaza soko zima. Nilikaa juu ya kinu kilichopinduliwa nikalia, safari hii si kwa furaha. Ndani niliwasikia wakiongea kwa sauti ya chini, muda mrefu, na sikuingia.

Asubuhi ya kufunguliwa kwa ziwa nilikwenda bandarini mapema niwaambie wale akina mama kabla hawajachagua. Yule mnene alinisikiliza, akanishika bega, akasema, "Pole, mwana." Kisha akaangalia huku na huku, kama mtu anayetafuta mahali pa kukaa. Wachache walipanda mkono wa baba mdogo, kwa heshima ya boti. Wengine walitawanyika kwenye mikono mingine. Sikungoja waondoke. Nilirudi nyumbani, kwa kuwa sikutaka wazazi wangu waisikie sauti ya injini yetu wakiwa wawili tu.

Niliwakuta uani. Mama alikuwa ameweka maji motoni, baba kwenye kiti, shati safi amevaa, sijui kwa nini. Nikaketi chini. Injini zikaanza kuwaka kule chini, moja, nyingine, nyingi, zikichanganyika, na katikati ya zote tukaisikia yetu. Mtu hawezi kukosea kikohozi cha injini iliyolala nyumbani kwake. Iliondoka bandarini vizuri. Baba alikuwa ameinua kidevu.

"Aende mbele," akasema polepole. "Aende, aende. Bado."

Sauti ikabadilika.

"Hapana," baba akasema. "Anageuza mbele ya saa. Kule iko muchanga. Ahesabu kwanza, ageuze kisha! Mupigie simu!"

Nikapiga. Simu ya baba mdogo ikalia, ikalia, na nilijua vizuri kwamba ipo nyumbani kwake, kwenye mfuko wa suruali nyingine, kwa sababu hakuna dereva anayepeleka simu majini ikalowe. Nikapiga tena hata hivyo. Baba alikuwa ameshika mkono wa kiti kwa kulia kwake, amejisukuma nusu ya kusimama, na mguu ukamrudisha chini. Injini ikashuka sauti, ikakwama mahali, ikakohoa. Tukasikiliza sote watatu. Ikapanda tena, ikaendelea, mbali zaidi, upande ambao baba hangeupitia kamwe, na haikuwepo njia yoyote ya kumwambia mtu kitu.

Mama akauchukua mkono wa kushoto wa baba, akauweka mapajani kwake, akaanza kuukanda kidole kwa kidole, ingawa maji yalikuwa bado hayajapata moto.